Video ya mafunzo kwa mzazi: Hapa wapi, mwanangu?

Mama mmoja wa Tanga ameshika daftari la fedha la kikoba chao kwa miaka tisa. Wanachama ni 25, wengi wao wauza samaki, mama lishe na washonaji. Kila Jumamosi jioni sanduku lenye kufuli tatu hufunguliwa, hisa huhesabiwa mbele ya wote, marejesho ya mikopo huandikwa, kisha kufuli hurudishwa na kila mwenye ufunguo huondoka na wake. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole.

Mwaka huu kikundi kiliamua hesabu zihamie kwenye kompyuta, katika programu ya Excel. Sababu zilikuwa nzuri. Daftari lilikuwa limeanza kuachia kurasa, na siku ya mgao watu walikuwa wanakesha wakijumlisha kwa kikokotoo cha simu. Mama hakukataa. Nyumbani kulikuwa na kompyuta mpakato aliyoiacha kijana wake wa kwanza alipopata kazi Mwanza. Kijana naye akaahidi kumfundisha kwa video. Angerekodi skrini ya kompyuta yake akiwa kazini, huku akieleza kwa sauti, kisha angemtumia mama kwa WhatsApp. Mama angetazama kwenye simu, kompyuta ikiwa mbele yake, na kufuatisha hatua kwa hatua.

Mpango huu si wa nyumba hiyo peke yake. Watoto wako mbali, wazazi wanadaiwa kujua mambo ambayo hawakufundishwa shuleni, na video ndiyo imekuwa mwalimu wa katikati. Baba anataka kujaza fomu mtandaoni, shangazi anataka kuandika ankara za duka, babu anataka kutuma barua pepe yenye kiambatisho. Anayejua anarekodi, asiyejua anatazama. Linaonekana jambo jepesi.

Somo la kwanza lilikuwa la dakika 11. Kijana alianza vizuri: "Shikamoo mama. Leo tunaanza kuingiza majina." Baada ya hapo mshale ukaanza kukimbia. "Unabonyeza hapa. Halafu unakuja hapa. Unashusha mpaka hapa, unaachia."

"Hapa wapi, mwanangu?" mama aliiuliza simu.

Alirudia video ile mara tano. Alivaa miwani, akavua, akasogeza simu karibu na pua, akaipeleka mbali. Alichokiona ni wavu wa visanduku vidogo kama wa kuvulia dagaa, na mshale mdogo kama punje ya mchele ukipita juu yake. Usiku akamwandikia mwanawe ujumbe: "Macho yangu yameisha. Na kichwa cha kompyuta sina. Waambie wamtafute mtu mwingine ashike hiyo hesabu."

Kijana akajibu kwa nia njema kabisa: "Mama mbona ni rahisi? Sikiliza tena taratibu."

Hapo pakaingia ufa. Mama alisikia kwamba yeye ni mzito wa kuelewa. Kijana aliona kwamba mama hataki kujifunza. Wote wawili walikubaliana kimyakimya kuwa tatizo ni mama. Wote wawili walikosea.

Si macho, ni picha

Chukua rula na upime. Kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ina kioo chenye upana wa karibu sentimita 34 na nusu. Simu ya inchi 6.5 ikilazwa, video huchukua upana wa kama sentimita 12. Picha imeshapungua karibu mara tatu. Simu ikishikwa wima, kama wengi wanavyoshika, upana wa video hauzidi sentimita 7, na picha imepungua mara tano. Herufi iliyokuwa na kimo cha milimita 2 na nusu kwenye kompyuta inabaki nusu milimita kwenye simu. Hata kijana mwenye macho makali atasumbuka.

Mzazi ana mzigo wa ziada. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho hupungukiwa na uwezo wa kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Ni hali ya kawaida ya umri, na miwani ya kusomea huisaidia. Ndiyo maana mtu huinyoosha simu mbali na uso wake, na kadiri anavyoipeleka mbali ndivyo herufi zinavyozidi kuwa ndogo.

Kisha kuna suala la bando. Video iliyorekodiwa kwa kiwango cha 1080 ina mistari 1,080 ya nukta kutoka juu hadi chini. Mtu akiitazama kwa kiwango cha 360 ili kuokoa bando, mistari inayobaki ni 360, yaani theluthi moja. Herufi iliyochorwa kwa nukta 12 kwenda juu inabaki na nukta 4. Kwa nukta 4, tarakimu 3 na 8 ni mapacha, na 6 na 0 hazitofautiani. Kwenye hesabu za fedha za watu, huo ni ugomvi unaosubiri siku yake.

WhatsApp nayo huibana video kabla ya kuituma ili iwe nyepesi, na herufi ndogo ndizo za kwanza kuumia. Hapo hata miwani haisaidii, kwa sababu herufi haipo tena kwenye picha. Anayetazama hawezi kuona kitu ambacho hakikufika.

Kuvuta karibu ni kama kidole cha mwalimu

Dawa yake wanaotengeneza video za mafunzo wanaijua kwa jina la zumu. Si ile Zoom ya mikutano ya mtandaoni. Ni ile zumu ya wapiga picha: picha inavutwa karibu, sehemu moja inajaa kioo chote, kisha picha inarudishwa nyuma na ukurasa mzima unaonekana tena.

Kwenye video za kompyuta, zumu kwa kawaida huwekwa baada ya kurekodi, wakati wa kuhariri. Anayehariri huchagua ni sekunde gani picha ianze kusogea, isogee kwenda wapi, ikae kwa muda gani, na irudi lini. Programu ya Camtasia ya kampuni ya TechSmith ya Marekani, ambayo hununuliwa, imejijengea jina kwa kazi hiyo. DaVinci Resolve ina toleo la bure linaloweza kufanya vilevile, na CapCut huifanya hata kwenye simu. Kurekodi skrini kwenyewe kunaweza kufanywa bure kwa OBS Studio.

Faida ya kwanza ni ya macho. Sehemu ikikuzwa mara tatu, ile herufi iliyobaki na nukta 4 kwa mtazamaji wa 360 inarudi kwenye nukta zake 12. Mwenye bando dogo anasoma kama mwenye bando kubwa.

Faida ya pili ni ya akili, na pengine ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 1988 mtafiti John Sweller wa Australia aliandika kuhusu mzigo ambao akili hubeba mtu anapojifunza jambo jipya. Kumbukumbu ya muda mfupi ni kama sinia dogo: ukirundika vitu vingi kwa pamoja, vingine huanguka. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno, alionyesha kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi akipewa ishara ya kumwonyesha jambo la muhimu liko wapi.

Ukurasa wa Excel una vitufe vingi juu, herufi za safu, namba za mistari, na visanduku visivyo na mwisho. Anayejua haoni hivyo vyote, jicho lake linakwenda moja kwa moja panapohusika. Asiyejua anaona vyote kwa pamoja. Kila sekunde anayotumia kutafuta mshale uko wapi ni sekunde ambayo hasikii kinachoelezwa. Kwa hiyo mama hakukosa usikivu. Masikio yalikuwepo, lakini akili ilikuwa imetumwa kwenda kumtafuta mshale.

Zumu inafanya kazi ambayo mwalimu wa darasa la kwanza huifanya kwa fimbo ubaoni, au mzazi kwa kidole chake chini ya neno anapomsomesha mtoto. Inasema: acha mengine yote, tazama hili.

Dawa ikizidi

Kijana wa Mwanza alipoelezwa na mfanyakazi mwenzake kuhusu zumu, alifurahi. Usiku mmoja akahariri somo la pili. Safari hii kila alipobofya, picha ilikwenda mbio hadi kwenye kitufe, ikarudi, ikaruka upande wa pili, ikarudi. Katika dakika nane picha ilisogea zaidi ya mara 30. Akaituma akiwa na uhakika kwamba kazi imekwisha.

Mama safari hii alisoma kila herufi. Ila alipata kizunguzungu, akalazimika kuiweka simu mezani na kufumba macho. Na lilitokea jambo baya kuliko kizunguzungu.

Katika video, kijana alionyesha jinsi ya kuandika fedha za wiki. Picha ilivutwa karibu mno, hadi kisanduku kimoja kikajaa kioo. Namba ilionekana kubwa na safi. Kilichotoweka ni kichwa cha safu, pale juu palipoandikwa "Hisa" na safu ya jirani palipoandikwa "Marejesho". Mama aliona kisanduku, akaona namba, akafuatisha. Hakujua yuko kwenye safu ipi. Marejesho ya wanachama watatu yakaingia kwenye safu ya hisa.

Jumamosi ikafika. Katibu akasoma kutoka kwenye kompyuta, na mwanachama mmoja akasikia kwamba mkopo wake bado haujapunguzwa hata shilingi. Alikuwa amerejesha wiki iliyopita, mbele ya watu, kwa mkono wake mwenyewe. Ukimya ulioingia pale ndani mama hajausahau. Baada ya miaka tisa, kwa mara ya kwanza nyuso ziligeuka kumtazama yeye.

Kilichomwokoa ni daftari kuukuu. Hakuwa ameacha kuandika humo. Likafunuliwa, marejesho yakaonekana yalipo, na kosa la kompyuta likaonekana lilipo. Kikao kikaendelea. Lakini aliporudi nyumbani alimwambia binti yake wa kidato cha pili: "Mimi basi. Sitaki tena hiyo mashine. Jina langu limenichukua miaka mingi kulijenga."

Binti aliyeona

Kijana alipokuja nyumbani sikukuu, alikuta mambo yamepoa. Mama alimpokea kwa furaha, akampikia, lakini la kompyuta hakutaka lizungumzwe. Ni binti aliyeleta simu ya mama, akaiegemeza kwenye kopo la sukari kama mama anavyofanya, akawasha somo la pili, akamwita.

"Kaka, kaa hapo anapokaa mama. Fuatisha."

Kijana akakaa. Baada ya dakika mbili akaomba irudishwe nyuma. Baada ya dakika nne akauliza, "Hapa nilikuwa safu gani?"

Binti akacheka. "Hata wewe mwenyewe hujui. Kaka, hujawahi kuitazama video yako kwenye simu ya mama."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akirekodi kwenye kioo kikubwa cha ofisini, akihariri kwenye kioo hichohicho, na kuikagua hapohapo. Mtu wa mwisho aliyeiona kabla ya kutumwa alikuwa mtu aliyekwisha kujua jibu.

Mama alikuwa mlangoni amesimama na beseni la nguo. Akasema taratibu: "Mwanangu, mimi sikatai kuvutwa karibu. Ila kabla hujanivuta, nionyeshe kwanza niko wapi."

Yanayofanya zumu isaidie

Maneno ya mama yule yana nusu ya somo lote. Zumu nzuri huanza na ukurasa mzima. Anayefundisha hutulia hapo, anataja eneo kwa jina: "Huu ni ukurasa wa mwezi huu. Juu kuna vichwa vya safu. Safu C ni hisa, safu D ni marejesho. Sasa tunakwenda safu D." Ndipo picha inasogea. Mtazamaji ameshajua anakopelekwa, kwa hiyo akifika hapotei. Kazi ikiisha, picha inarudishwa nyuma ili aone alichokifanya kimekaa wapi katika ukurasa.

Jambo la pili ni kuacha alama ya njia ndani ya picha iliyokuzwa. Kwenye jedwali, alama hiyo ni kichwa cha safu na jina lililo mwanzo wa mstari. Kama kuvuta karibu sana kunavifuta viwili hivyo, basi kumezidi. Ni afadhali namba iwe ndogo kidogo lakini neno "Marejesho" lionekane, kuliko namba kubwa isiyojulikana ni ya nini.

Jambo la tatu ni mwendo. Mwenda pole hajikwai. Picha ichukue kama sekunde moja kusogea, bila kuruka ghafla, kisha itulie. Kusogea kwa picha huwasumbua baadhi ya watu kweli, wala si deko. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilipotoa mfumo wa iOS 7 wenye picha zinazovutwa kila programu inapofunguliwa, baadhi ya watumiaji walilalamika kwamba wanapata kichefuchefu na kizunguzungu. Baada ya muda mfupi kampuni ilitoa sasisho lililomwezesha mtu kuzima mwendo huo. Kama simu ilibidi irekebishwe, video ya nyumbani nayo yaweza kurekebishwa.

Pia kuvuta na kuzungumza visigongane. Picha inaposogea, sauti inyamaze au iseme neno moja tu la kuelekeza. Maelezo yaje picha ikishatulia. Na ikishatulia, ibaki hadi mtu wa kawaida aweze kusoma maneno yaliyopo mara mbili. Anayefundisha huona muda huo ni mrefu. Anayejifunza huona umetosha.

Jambo la nne ni idadi. Zumu ni chumvi. Si kila kubofya kunahitaji kuvuta karibu. Kama hatua tatu zinazofuatana ziko kwenye kona moja ya skrini, picha ivutwe mara moja, ikae hapo hadi zote tatu ziishe. Kitufe kikubwa kinachoonekana wazi hakihitaji zumu, kinatosha kutajwa kwa jina na mahali: "juu kushoto", "chini ya neno Home". Neno "hapa" peke yake lifukuzwe kabisa. Kwa mtu aliye mbali, "hapa" hakuna maana.

Kukuza kabla ya kurekodi

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: herufi nyingi zinaweza kukuzwa kabla hata ya kuanza kurekodi, na hilo hupunguza haja ya zumu.

Ndani ya Excel, mtu akishikilia kitufe cha Ctrl huku akizungusha gurudumu la kipanya, visanduku hukua. Kwenye vivinjari vya intaneti, Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hufanya vivyo hivyo. Kwa kompyuta zenye Windows, kwenye mipangilio ya skrini kuna sehemu ya kuongeza ukubwa wa maandishi na vitufe vyote hadi asilimia 150 au zaidi. Hii ya mwisho ndiyo inayokuza pia vitufe vya juu, ambavyo Ctrl na gurudumu havivigusi.

Kukuza mapema kuna faida moja ambayo zumu ya kuhariri haina. Herufi inachorwa upya ikiwa kubwa, kwa hiyo inabaki na kingo safi. Zumu ya kuhariri hunyoosha nukta zilizokwisha kurekodiwa, na programu haiwezi kubuni nukta ambazo hazikuwepo. Video ya 1080 ikivutwa mara mbili, robo tu ya picha ndiyo inayotandazwa kioo kizima. Anayeitazama kwa ubora wa juu ataona herufi zimeingia ukungu. Ndivyo inavyokuwa pia mtazamaji akijaribu kuvuta kwa vidole viwili video iliyofika ikiwa imebanwa: anakuza ukungu uleule.

Anayependa kuvuta karibu papo hapo akiwa anarekodi anaweza kutumia ZoomIt, programu ndogo iliyoandikwa na Mark Russinovich na ambayo Microsoft huitoa bure. Kwa kubonyeza Ctrl na 1, skrini inakuzwa, na kwa Esc inarudi. Kwa kutuma, video fupi inaweza kupelekwa kwa WhatsApp kama waraka badala ya kama video, nayo itafika bila kubanwa, ingawa itakula bando zaidi. Ndiyo sababu video ya dakika mbili yenye jambo moja ni bora kuliko ya dakika 11 yenye mambo tisa. Mama anaweza kuirudia moja tu anayoihitaji.

Na kipimo cha mwisho hakihitaji programu yoyote. Kabla ya kutuma, anayefundisha aitazame video yake kwenye simu ndogo, akiishika wima, mwanga wa mchana ukiingia dirishani. Akiona anakodoa macho, arudi kuhariri.

Mzazi anapomchagulia mtoto

Haya hayawahusu watoto wanaofundisha wazazi tu. Wapo wazazi wanaowalipia watoto mafunzo ya video ya kompyuta, ya usanifu wa picha au ya kuandika programu. Mtoto anatazama kwa simu ya baba, anasema haelewi, na baba anasema mtoto hana bidii, hela imepotea.

Kabla ya kulipa, mzazi aombe kuona kipande cha somo na akitazame kwenye simu ileile atakayotumia mtoto. Hahitaji kuijua programu inayofundishwa. Anatafuta mambo matatu tu: je, maandishi yanasomeka, je, picha ikivutwa karibu bado anajua yuko sehemu gani ya ukurasa, je, mwalimu anatulia au anakimbia. Yakikosekana hayo, lawama isianzie kwa mtoto.

Somo la tatu

Kijana wa Mwanza hakurekodi tena peke yake. Siku mbili kabla hajarudi kazini alikaa na mama mezani, kompyuta moja, viti viwili. Kila mama alipouliza "wapi?", binti aliandika kwenye karatasi. Maswali yale yalikuwa saba. Sehemu hizo saba ndizo zilizopewa zumu, na nyingine zote zikaachwa zilivyo. Somo likakatwa vipande vitatu vya dakika mbili mbili, kila kimoja kikianza na ukurasa mzima na vichwa vya safu vikisomwa kwa sauti.

Kwenye kipande cha mwisho picha inasogea polepole hadi chini ya safu D, na kichwa chake bado kinaonekana juu, kwa kuwa kijana alikifungia mstari wa kwanza usisogee ukurasa unaposhuka. Kanuni inaandikwa mbele ya macho, herufi kwa herufi: =SUM(D2:D26). Wanachama 25, kuanzia mstari wa pili hadi wa 26. Kisha picha inarudi nyuma, na jumla inaonekana mahali pake, chini ya neno "Marejesho".

Mama aliitazama mara mbili. Mara ya tatu hakuiwasha, alifanya mwenyewe. Jumla ya kompyuta na jumla ya daftari zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Hakushangilia. Alichukua kalamu, akaweka alama ya vema kwenye daftari, akafunga.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kikaoni na vyote viwili, kompyuta mkono mmoja na daftari kwapani. Katibu, ambaye ni mdogo wake kwa miaka 20, alimwomba amwonyeshe jinsi anavyojumlisha. Mama akaigeuza kompyuta ili wote wawili waione. Akaanza kwa kupitisha kidole juu ya ukurasa wote, kutoka kushoto hadi kulia, bila kugusa kitufe.

"Kwanza tazama tuko wapi," alisema. "Halafu ndio tunasogea."